Kiwavi wa Kopo la Samli

Riyadh, Saudi Arabia
Ijumaa, 19 Februari 2016

Mpendwa Mama Mdogo Selipher,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, si umeinama shambani kama kawaida yako. Goti linaendeleaje? Nilipokuuliza kwa simu ulisema "lipo tu", na mimi najua "lipo tu" yako maana yake ni kwamba hulali. Tafadhali jipake ile dawa niliyokutumia, usiigawe kanisani. Baba Mdogo naye kifua kimetulia? Na ng'ombe amezaa, au bado anawazungusha?

Mimi huku ni mzima, namshukuru Mungu. Baridi imeanza kulegea. Watu wa nyumbani mkisikia Saudia mnafikiri ni jua mwaka mzima, lakini Januari hapa Riyadh maji ya bomba yanauma vidole, na mimi nilikuwa nafua nikiwa na soksi mbili mbili na sweta ya Jackton. Usianze kuuliza maswali. Jackton ni dereva wa nyumba hii, mtu wa Malava, ana mke na watoto, na sweta alinipa kwa sababu meno yangu yalikuwa yakigongana mpaka madam akalalamika. Ndiye atakayekuletea barua hii, maana anakuja likizo. Mpe chai nzito na umsukumie ugali, amekonda.

Uliniuliza mara mbili huyo mdudu ninayezungumza habari zake na Ashley ni wa nini, na kila mara salio likaisha kabla sijaeleza. Halafu kuna mambo siwezi kuyasema Ashley akiwa amesimama hapo karibu nawe. Kwa hivyo tulia nikusimulie yote.

Unajua vile hali ilikuwa. Nilimwacha Ashley akiwa na miaka mitatu, hata kufunga vifungo hajui. Kila nilipopiga ulimpa simu, naye akaipokea kama mtu aliyepewa dawa. Umekula? Ee. Shule je? Sawa. Kisha namsikia akikuambia, "Chukua, amemaliza." Siku moja simu haikukatika vizuri, nikamsikia akimweleza mtoto wa jirani kwamba huyo ni mama wa kwa simu. Sikukuambia. Niliingia stoo nikalia kwenye magunia ya mchele, nikanawa uso, nikatoka kupikia wageni kabsa, ule wali wao wa nyama. Nisikufiche, nilikuwa nimeanza kuogopa kupiga.

Sasa mambo ya kiwavi. Mwaka jana kabla ya baridi Jackton aliniletea viazi vitamu kutoka Manfuha, kule Wahabeshi wanakouza vitu vyao. Kimoja kikachipua kabla sijakipika. Nikakipanda kwenye kopo kubwa la samli, nikaliweka juu ya paa karibu na kamba za nguo. Mavuno sikutaka, nilitaka tu kuona majani ninayoyajua. Kikatambaa mpaka kwenye tangi la maji. Madam akauliza ni maua gani hayo, nikamwambia ni maua ya kwetu.

Siku moja naanika shuka nikaona majani yameliwa nusu nusu. Kutazama chini, ni yeye: mnene kama kidole gumba, kijani, mistari ubavuni, na ile pembe nyuma. Unamjua, ni yule anayekumalizia majani ya viazi, unayemkanyaga na ndala bila hata kukatiza mazungumzo. Hata mimi nilikuwa nimeshavua ndala. Lakini Lamis alikuwa amenifuata, akanishika mkono. Lamis ni binti ya madam, rika moja na Ashley, na akikutazama na yale macho yake huwezi kuua kitu.

Basi tukamwacha kwenye kopo lake. Wiki hiyo nilipopiga simu nikauliza chakula, nikauliza shule, nikamaliza. Sikuwa na lingine. Nikasema tu, nina kiwavi huku. Nikasikia, "Wa nini?"

Mama Mdogo, hilo ndilo swali la kwanza mtoto wangu aliloniuliza tangu niondoke. Sikujua nicheke au nikae chini. Nikamwambia ni wa viazi. "Ana pembe?" Anayo. "Na huko si ni mchanga, anakula nini?" Salio likaisha nikiwa katikati ya jibu.

Tangu hapo unakumbuka mwenyewe alivyoanza kukunyang'anya simu kabla hujasema haloo. Sio kwamba alikuwa anataka habari zangu, la. Kiwavi ameamkaje, kiwavi amekula, kiwavi amekunya rangi gani. Nilikubali. Nilikuwa tayari kuwa msemaji wa kiwavi maisha yangu yote. Siku moja akasikia sauti ya Lamis nyuma yangu, akauliza huyo ni nani. Nikasema ni mtoto wa nyumba ninayofanya kazi. Akafikiri kidogo. "Kiwavi ni wa nani, wake ama wangu?" Nikamwambia ni wako, huyu anakusaidia tu kumlisha. Akaridhika, na akatuma maagizo kwamba Lamis asimguse pembe.

Baridi ilipoanza kuuma nikalishusha kopo chumba cha kufulia. Madam akaligundua. "Rozi, mafi dudu ndani ya nyumba. Halas, tupa." Mafi ni hakuna, halas ni basi. Lamis akamkumbatia miguu akamwomba kwa maneno ambayo sikuyaelewa yote. Madam ni mtu wa moyo mwepesi akiombwa na huyo mtoto, basi akasema dudu likae, lakini siku litakapoonekana jikoni litaondoka pamoja na Rozi. Sikujua kama anatania. Nililifunga kopo na wavu wa vitunguu, nikafunga na kamba juu yake.

Mwanzoni mwa Desemba akaacha kula. Akageuka rangi, akazunguka kopo kama mtu aliyepoteza ufunguo, kisha akazama udongoni. Nikamweleza Ashley kwamba ameingia kulala. Yeye, mtoto wa shamba, akanirekebisha: halali, anakuwa kile kidude. Anakijua kwa sababu mnavichimbua mkivuna viazi, vile vya kahawia vinavyong'aa, na mbele kina kitu kama mshikio wa birika.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilihesabu kwa hesabu ya nyumbani. Kwetu udongo una joto, kidude kinakaa chini muda mfupi, mvua ikinyesha tayari ni nondo anayepiga mabawa kwenye taa. Kwa hivyo nikamwahidi Ashley kwamba kufikia Krismasi atakuwa ametoka. Nilimwahidi kwa kinywa kipana kabisa. Sisi tunajua mvua na jua, basi. Haikunijia akilini kwamba kuna baridi inayoweza kumfanya mdudu akae kitako huko chini angoje.

Krismasi ikapita. Mwaka mpya ukaingia. "Ametoka?" Bado. "Ametoka?" Bado. Na kila nikisema bado, namsikia sauti inarudi ile ya zamani, ya ee na sawa. Mwishowe nikachimba. Kilikuwa kigumu na baridi kama kijiwe. Nikakigusa na kijiti, wapi. Jackton akaja akakitazama, akavua kofia akaishika kifuani kama yuko matangani. Mchokozi huyo, nilimrushia sabuni.

Nilifikiria kumdanganya mtoto. Ningesema ametoka, ameruka, ana rangi hii na hii. Nani angejua? Lakini Ashley ameshaambiwa mengi na sisi wakubwa. Aliambiwa mama ameenda sokoni, aliambiwa mama anarudi kesho. Sikutaka kumwongezea jingine. Nikapiga simu nikamwambia, "Ashley, nafikiri amekufa."

Nikajua ndiyo hiyo, sasa atakuambia uchukue simu. Badala yake akauliza, kwa sauti ya mwalimu, "Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza nini?"

"Si unamshika, unamuuliza mtu yuko wapi. Akiwa hai anaonyesha."

Mama Mdogo, nilikuwa nimesahau kabisa. Ule mchezo wetu wa wakati wa kuvuna: unakishika kidude upande wa kichwa, mkia ukiwa juu, unauliza fulani yuko wapi, nacho kinazungusha mkia kikionyesha upande. Sisi tulikuwa tunakiuliza Nairobi iko wapi, na tulipokua kidogo tukawa tunakiuliza mchumba atatoka upande gani, na wewe ukitukemea tuache upuuzi tuokote viazi. Kumbe mtoto wangu naye anaucheza kwenye mitaro ile ile, na mimi sikuwa najua.

Asubuhi jua lilipofika paani nikapanda na Lamis. Nikakifumbata kwanza mpaka kikapata joto la mkono. Kisha nikakiinua nikauliza kwa sauti, "Ashley yuko wapi?" Mtu mzima na aproni, juu ya paa la watu. Hakuna kitu. Nikauliza tena, na safari hii nafikiri nilikuwa nauliza kweli. Mkia ukazunguka. Ukatulia, ukazunguka tena. Nilikaa juu ya beseni la nguo mbichi nikalia mpaka Lamis akaogopa akaenda kumwita Jackton. Jackton akapiga hesabu zake, akasema kwa upande ule kilioonyesha, Ashley atakuwa Dammam, mashariki kabisa ya nchi hii. Anasema kidude hakikusoma jiografia. Sikujali, kilikuwa hai.

Nilipomweleza Ashley alisema, "Si nilikuambia." Hilo tu. Lakini alilisema kwa namna yako kabisa, mpaka nikakuona umeshika kiuno.

Mwezi huo huo shule zikafungwa na familia ikafunga safari ya Jeddah, kwa mama yake madam. Bibi huyo anaitwa Umm Khalid. Kopo halikuruhusiwa garini, madam alisema gari si shamba. Nikakihamisha kidude na udongo wake kwenye mkebe wa majani chai, nikaupakata njia nzima. Jangwa upande huu, jangwa upande ule, ngamia, kituo cha mafuta, sala, jangwa tena. Kila Jackton alipokanyaga breki nilimwambia aendeshe kama amebeba mayai, naye akaniuliza kama kiwavi amefunga mkanda.

Jeddah ni dunia nyingine. Unashuka garini joto linakupokea kama la Mombasa, gauni linakushika mgongoni. Siku ya pili nilivua soksi, na nafikiri kidude nacho kilivua zake, maana nilipokigusa hakikungoja kuulizwa. Kilijinyonganyonga chenyewe.

Umm Khalid ni mama mfupi mwenye ulimi mkali, na paa lake lote limejaa yasmini kwenye ndoo. Aliposikia nimeleta mdudu nyumbani kwake nikajua sasa nimefika mwisho. Akafungua mkebe, akatazama, akanisikiliza nikieleza kwa Kiarabu changu cha jikoni. Akaenda jikoni akarudi na mwiko wa mbao, akauchomeka kwenye udongo usimame. Akaniambia akitoka atataka kitu cha kupanda, na mabati ya mkebe yanateleza. Viwavi wa kwenye yasmini zake alikuwa ameshawaona wakitoka hivyo tangu ujana wake. Halafu akaniuliza chai yake iko wapi.

Alitoka jioni baada ya sala ya Magharibi, tukiwa tunaandaa chakula. Lamis ndiye aliyemwona. Mimi nilitarajia kitu kizuri, nikaona kitu kimelowa, kimejikunja, mabawa kama tambara lililokamuliwa. Nikafikiri baridi ya Riyadh imemharibu. Nikanyoosha mkono nimsaidie kuyakunjua, Umm Khalid akanichapa kidogo kwenye vidole. "La, Rozi. Mwache."

Tukamwacha. Akapanda mwiko hatua kwa hatua, akaning'inia, na mabawa yakaanza kushuka yakijinyoosha. Rangi yake ni ya kijivu chenye madoa, kama gome la mti, lakini tumboni ana mistari ya waridi ambayo hata sisi tuliozoea kuwaona usiku kwenye taa hatukuwahi kuitazama. Chakula kilipoa na hakuna aliyeuliza, hata madam, ambaye alikuwa amekaa sakafuni na simu yake akipiga picha za lile dudu alilotaka nilitupe.

Lamis alitaka tumweke kwenye chupa. Nikamwambia ni wa Ashley, na Ashley amesema aende. Hakuwa amesema, lakini nilijua angesema. Tukaupandisha mwiko paani. Akatetemeka kwa muda kama mtu anayeota moto, kisha akaachia, akazunguka yasmini za Umm Khalid, akapita juu ya ukuta.

Nikapiga simu papo hapo. Wewe ulikuwa hapo, ulimsikia. Alitaka rangi, alitaka urefu wa ulimi, alitaka kujua ameelekea upande gani. Nikasema upande wa bahari. "Basi anakuja huku," akasema. Kisha akasema sawa, akakurudishia simu.

Na mimi nikabaki nimesimama na simu yangu, maana nilijua kiwavi amekwisha. Mama Mdogo, wiki zilizofuata zimenishinda kuliko baridi. Tumerudi Riyadh, napiga, hakuna mdudu wa kuulizia. Umekula? Ee. Shule? Sawa. Nimetafuta kiwavi mwingine mpaka kwenye ua wa jirani, mlinzi wao akaniuliza nimepoteza nini. Jackton ameniambia ninunue kasuku. Nacheka naye, lakini ninachoogopa ni hiki: kwamba zile simu zote zilikuwa za kiwavi, hazikuwa zangu. Uliniambia nimpe muda. Nampa, lakini unauma.

Tuache hayo. Jackton amebeba blanketi lako, alilinunua soko la Dirah na kubishana bei mpaka mwenye duka akamkaribisha kahawa. Si la kuwekea wageni. Jifunike. Viatu vya Ashley nimenunua vikubwa kidogo kwa sababu sijui mguu wake umefika wapi, ukiona vinampwaya mwekee pamba mbele. Kwenye kiberiti kuna lile ganda tupu alilotoka nondo. Mpe mwenyewe mkononi, asilifungue kwenye upepo.

Habari nyingine njema ni ya likizo. Baba wa hapa, ambaye ndiye kafili wangu, mdhamini wangu wa kazi, ameshaweka saini. Ikama yangu, kile kibali cha kukaa huku, ni nzima, na Ramadhani ikiisha nitakuja, Mungu akipenda. Usimwambie Ashley bado. Nitamwambia mimi, nikiwa na tikiti mkononi.

Nisalimie sana Baba Mdogo, mwambie aache kuvuta moshi wa jikoni na kusingizia vumbi. Msalimie Titus na mkewe, msalimie Lydia, na akina mama wote wa kanisa, hasa waliobaki na dawa yangu ya goti. Mwenyezi Mungu aulinde mlango wako, aibariki mikono inayomlea mtoto wangu, na akupe usingizi usio na maumivu.

Wako akupendaye,
Roseline

Jumapili jioni. Nimeifungua bahasha tena, na nilikuwa nimeshailamba.

Leo mchana napiga pasi, simu ikalia mara moja ikakatika. Kutazama, namba yako. Wewe hujawahi kuniflashi hata siku moja, unasema utanisumbua kazini. Nikajua ni Baba Mdogo na kifua chake. Niliacha pasi juu ya kanzu ya watu, nikapiga.

Akapokea Ashley. Wewe ulikuwa bado hujarudi kutoka kanisani, simu umeiacha ikichaji. Nikamuuliza kuna nini, nani mgonjwa, Mama Mdogo yuko wapi. "Hakuna kitu," akasema. "Mama, jino limetoka."

Akaendelea mwenyewe bila kuulizwa. Ni la mbele. Lilibaki kwenye muwa. Kulikuwa na damu kidogo na hakulia. Sasa akisema "sukari" ulimi unapita. Akasema sukari mara nyingi ili nisikie. Hakuuliza habari za mdudu yeyote. Nikamuuliza kama umeshaliona, akasema hapana, hajamwonyesha mtu.

Ukifika kusoma hapa utakuwa umeliona pengo zamani, na utakuwa umeona na namba yangu kwenye simu yako. Kanzu imeungua na madam amenisema, kwa haki. Lakini nilitaka ujue, Mama Mdogo, kwamba aliyeambiwa wa kwanza ni mimi.